Angella wa Mlango wa Nyuma

Ukitaka kujua joto ni kitu gani, usisikilize taarifa ya hali ya hewa. Nenda kasimame saa saba mchana, mwezi wa Agosti, kwenye mlango wa nyuma wa hoteli moja kubwa ya Al Garhoud, pale malori ya mboga yanaposhusha mizigo na mapipa ya taka yanapongoja kuondolewa. Ndege zinapita juu ya kichwa chako, magurudumu yameshashuka, kwa karibu kiasi kwamba unaona madirisha. Lami inanata. Harufu ya samaki na harufu ya sabuni ya nguo za hoteli zinagombana, na samaki ndiye anayeshinda.

Hapo ndipo Angella aliposimama kwa miaka miwili, sare nyeusi imefungwa vifungo mpaka shingoni.

Angella ni Mganda wa Busia, mpakani kabisa, ndiyo maana Kiswahili chake kina mguu mmoja Kenya. Kabla ya kuja Dubai alifundisha hesabu shule ya msingi, na ualimu ulimwachia ugonjwa mmoja usiotibika: hawezi kuona kosa akalipita. Siku moja alilirudisha lori zima la samaki kwa sababu namba iliyoandikwa kwenye karatasi na namba ya lori zilitofautiana kwa tarakimu moja tu. Dereva alipiga honi, akatukana kwa lugha tatu, mwishowe akaenda kuleta karatasi sahihi. Tangu hapo madereva wakampa jina, Madam Namba. "Madam Namba yupo leo? Basi kagueni karatasi zenu."

Walinzi wa mbele walikuwa na maisha mengine. Wao walisimama kwenye marumaru, ndani ya ubaridi, karibu na chombo kikubwa cha maua ambacho hubadilishwa kila Jumatatu. Kazi yao ilikuwa kusema karibu, kuangalia mizigo, na kuitwa "sir" au "madam" na wageni. Siku ya kwanza kabisa Angella aliambiwa asijali, zamu zinazunguka. Na kweli zilizunguka! Kutoka mlango wa nyuma kwenda maegesho ya chini, kutoka maegesho kwenda mlango wa wafanyakazi, kutoka hapo kurudi mlango wa nyuma. Zilizunguka kama mbuzi aliyefungwa kamba. Anazunguka siku nzima, lakini kigingi ni kile kile.

Ratiba ya zamu ilibandikwa kila Ijumaa ukutani, pembeni ya mashine ya kubonyeza kidole. Ilikuwa na safu nne: jina, namba ya kazi, nchi, kituo. Na kila Ijumaa, kila mlinzi alitoa simu akaipiga picha. Hiyo ilikuwa desturi yao, hakuna aliyewafundisha. Ofisi ilikuwa na tabia ya kubadilisha ratiba katikati ya wiki, halafu wewe unaulizwa kwa nini hukufika. Kwa hiyo unapiga picha. Ukiambiwa hukufika, unaonyesha. Angella hakufuta hata moja. Zilikaa kwenye simu yake, Ijumaa baada ya Ijumaa, katikati ya picha za mama yake na za keki za watu.

Sasa, ikatokea nafasi ya msimamizi wa zamu ya mbele. Kampuni ya ulinzi ikatangaza mtihani: sheria za usalama, moto, huduma ya kwanza, na jinsi ya kuandika ripoti. Walinzi arobaini wakaufanya. Matokeo yakabandikwa ukutani. Angella, tisini na nne. Aliyefuata, kijana Msiria aitwaye Musab, sabini na moja.

Nafasi akapewa Musab.

Hebu fikiria. Sabini na moja! Shuleni ukipata sabini na moja mwenzako akapata tisini na nne, halafu zawadi ukapewa wewe, darasa zima litapiga kelele. Hapa watu arobaini walisoma karatasi ukutani, wakabonyeza vidole kwenye mashine, wakaenda kazini.

Musab mwenyewe aliona haya. Alimfuata Angella nyuma kwenye mapipa, kofia mkononi.

"Dada, wallahi sikuomba."

"Najua."

"Na hiyo ripoti ya zamu... safu ya tatu unaandika nini?"

"Unakuja kuniuliza mimi jinsi ya kufanya kazi yangu uliyopewa wewe?"

"Nimuulize nani? Wewe ndiye unayejua."

Alimwelekeza. Ualimu huo. Lakini moyoni alikuwa anachemka kuliko ile lami.

Kesho yake aliingia ofisini kwa Bwana Adib, meneja wa shughuli. Adib hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alikuwa mtu wa kutabasamu, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi.

"Angella! Mlango wa nyuma bila wewe ungekuwa soko."

"Asante, sir. Nimekuja kuuliza kuhusu mlango wa mbele."

"Mteja ana mahitaji yake."

"Yapi?"

"Muonekano."

"Sare yetu ni moja, sir. Viatu vimoja. Mimi vyangu napiga rangi kila siku."

"Usinifanye niseme, Angella."

"Sema tu, sir."

Adib akashusha pumzi kama vile yeye ndiye anayeonewa. "Mgeni akishuka kwenye teksi anatarajia kuona sura ya aina fulani. Si mimi, ni soko. Khalas, yameisha. Rudi kazini."

Akampa nakala ya fomu yake ya mtihani, maana ilikuwa haki yake kuipata. Juu, tisini na nne kwa wino mwekundu. Chini, kwenye kisanduku cha sababu, mtu alikuwa ameandika maneno machache: *Haendani na ukumbi wa mbele.*

Maneno hayo yataingia kwenye faili yake. Yatakaa humo. Kila nafasi itakayotoka, mtu atafungua faili, atasoma, atafunga. Hicho ndicho kilichomkosesha Angella usingizi kuliko kukosa kiti chenyewe. Alitaka maneno yale yafutwe, na alitaka nafasi aliyoifaulu. Hakutaka zaidi ya hapo.

Kwenye kempu ya kampuni, Al Quoz, alilala chumba kimoja na Allen, mlinzi mwenzake wa hoteli ile ile, Mganda kutoka Masaka, mwanamke mwenye maneno mengi na moyo mwepesi wa hofu. Allen alikuwa juu ya kitanda cha juu, miguu inaning'inia.

"Nyabo, dada yangu, achana nayo," alisema. "Hata Amerika wameshindwa. Nilisoma kwenye simu, mahakama yao kubwa imekataza vyuo visihesabu rangi ya mtu wakati wa kuchagua wanafunzi. Upendeleo khalas. Sasa wewe nani?"

"Kwani mimi nimeomba upendeleo?"

"Si unataka wakuweke mbele?"

"Nataka wahesabu maksi zangu, Allen! Maksi! Rangi wanaihesabu wao, kila Ijumaa, wameiandikia na safu yake. Hao wa Amerika wakisema rangi isihesabiwe, basi waje waseme hapa."

"Eeh, punguza sauti. Utaturudisha sote Entebbe kwa basi moja."

"Entebbe haiendwi kwa basi."

"Ndiyo ujue tutakavyoteseka njiani."

Wakacheka, maana Allen hata akiogopa anachekesha. Lakini siku ya mapumziko, Angella alipanda basi mpaka Al Baraha.

Kule Al Baraha, chini ya jengo la zamani la ghorofa nne, kuna duka la kuchapa barua. Watu wanaingia na shida zao wanazozisema kwa lugha zao, wanatoka na karatasi ya Kiarabu yenye mihuri. Mwenyewe ni Bi Ghania, mzaliwa wa Malindi ya Unguja, ameishi Dubai tangu barabara ya mbele ya duka lake ilipokuwa mchanga. Miwani yake imefungwa kamba, na kahawa yake huwa imepoa kila mara kwa sababu hamalizi kuinywa.

Alisoma fomu ya Angella. Akaisoma tena. Akavua miwani.

"Haendani? Ukumbi nao una kabila? Ati ukumbi!"

"Wanasema ni soko, Bibi."

"Soko ndiyo nini? Mimi nshachapa barua za soko miaka thalathini, sijaona soko limetia sahihi hata siku moja. Mtu ndiye anayetia sahihi. Kaa kitako, mwanangu."

Akamweleza kwamba sheria ya kazi ya nchi hii inakataza kumbagua mfanyakazi kwa rangi yake au kwa nchi alikotoka. Ameichapa mara nyingi, anaijua kifungu kwa kifungu. Angella akashangaa. Miaka miwili yuko hapa, na hakuna aliyemwambia!

Halafu akauliza swali lililokuwa likimkera. "Bibi, mbona kuna kampuni zinalazimishwa kuwachukua wenyeji? Hiyo si kuhesabu nchi ya mtu?"

Bi Ghania akatabasamu. "Umeuliza la maana. Mjukuu wangu Humoud, baba yake mwana wa nchi, kaingia benki kwa mpango huo huo. Na sheria inasema wazi kuwa huo hauhesabiwi ubaguzi. Wanasema wenyeji wamekuwa wachache mno kwenye kampuni za nchi yao, basi wafunguliwe mlango. Waweza kukubali, waweza kukataa, Humoud na mie tunabishana kila siku juu yake. Lakini mlango huo umeandikwa sheriani, watu wote wanauona, na unaweza kuubishia. Huu wako umeandikwa wapi? Kwenye kisanduku, kwa kalamu ya mtu asiyetaka kutaja jina lake. Na Musab wako huyo ni mwenyeji?"

"Msiria, Bibi."

"Basi hata kisingizio hawana."

Akageukia kompyuta, akaanza kuchapa malalamiko ya kwenda wizara ya kazi.

Wizara ikawaita Angella na kampuni kwenye kikao cha upatanishi. Adib akaja na tabasamu lake na karatasi moja ya Kiarabu. Kampuni, alisema, imesikia. Kampuni inapenda watu wote. Kwa hiyo imeanzisha nafasi maalumu mbele kwa ajili ya mlinzi mmoja wa Kiafrika, na nafasi hiyo ni ya Angella. Aanze Jumapili. Atie sahihi tu hapa.

Mlango wa mbele! Marumaru, ubaridi, maua ya Jumatatu. Mkono wake ulishagusa kalamu. Na hilo ndilo kosa ambalo wengi wetu hapa tunalifanya. Unatia sahihi karatasi usiyoweza kuisoma kwa sababu aliyeileta anatabasamu. Angella alishalifanya mara moja, siku aliyoshuka uwanja wa ndege. Safari hii akaiweka kalamu chini.

"Naomba niende nayo, sir. Nitajibu kesho."

Tabasamu la Adib likapungua kidogo.

Bi Ghania aliisoma kwa sauti, akitafsiri neno kwa neno. Mlalamikaji anakiri kwamba hakubaguliwa. Anapewa kituo cha mbele kwa hisani, kama mwakilishi wa wafanyakazi wa Kiafrika. Kituo kinaweza kuondolewa wakati wowote. Usimamizi wa zamu haumo. Maneno ya kwenye faili yanabaki kama yalivyo.

Angella akaikunja ile karatasi mara nne.

"Hisani," alisema. "Nilipata tisini na nne, wananipa hisani. Wananiweka pale kama kile chombo cha maua."

"Ukikataa watakutia adabu, mwanangu. Mie nakwambia ukweli."

"Watanipeleka wapi, Bibi? Nyuma?"

Alikataa. Na wakampeleka chini zaidi, maegesho ya ghorofa ya tatu chini ya ardhi, ambako hewa ni moshi na simu haishiki. Kumfukuza hawakuthubutu, malalamiko yalikuwa bado hayajafungwa. Walinzi wenzake wakaanza kumkwepa kwenye basi. Siti ya pembeni yake ikabaki tupu, mpaka Al Quoz, kila siku. Hata Allen akawa anakaa nyuma na kujifanya amelala. Na ratiba ya Ijumaa ikabadilika ghafla, safu ya nchi ikaondolewa kabisa, na majina mawili ya Kiafrika yakatokea mbele.

Shauri likaenda mahakamani. Siku hizi mashauri ya kazi husikilizwa kwa video, kwa hiyo mahakama ya Angella ilikuwa duka la Bi Ghania. Kompyuta ikawekwa juu ya kaunta, kibao cha "Tumefunga" kikageuzwa mlangoni, kiyoyozi kikazimwa kwa sababu kinanguruma. Kwenye skrini kulikuwa na jaji, mkalimani, Adib na wakili wake.

Wakili alizungumza vizuri. Zamu zinazunguka, alisema. Hakuna mtu anayepangwa kwa rangi. Akaonyesha ratiba tano, safi kabisa, hazina safu ya nchi, na Waafrika wako mbele.

"Mlalamikaji ana la kusema?" mkalimani akauliza.

Angella alikuwa na Ijumaa mia moja na mbili.

Bi Ghania alikuwa amezichapa zote, mashine ikapata joto mpaka ikanuka. Usiku uliotangulia walizipaka rangi: njano kwa aliyepangwa mbele, nyekundu kwa aliyepangwa nyuma, maegesho au mlango wa wafanyakazi. Akainua ya kwanza mbele ya kamera. Ya pili. Ya tatu. Alizisoma kama mwalimu anayesoma mahudhurio: tarehe, nchi, kituo. Uganda, nyuma. Kenya, maegesho. Uganda, nyuma. Nigeria, nyuma. Njano haikugusa nchi hizo hata mara moja. Kufikia ya ishirini jaji akamwambia inatosha, zitumwe zote.

"Hizo tano za wakili," Angella akaongeza, "zote ni za baada ya mimi kulalamika. Tarehe ziko hapo juu, mheshimiwa. Mimi huwa naangalia namba."

Wakili akakohoa. Kulikuwa na wiki moja ya mwezi wa Aprili, alisema, kabla ya malalamiko yoyote, ambapo mlinzi wa Uganda alisimama mbele siku tatu. Mlalamikaji ameificha.

Aprili alikuwa likizo Busia, mama yake alikuwa mgonjwa. Wiki tatu hizo hakuwa na picha. Na aliyesimama mbele siku zile alikuwa Allen, ambaye hajamsemesha kwa mwezi mzima.

"Sikuwepo, mheshimiwa. Lakini kuna mtu alikuwepo."

Jaji akampa dakika chache. Angella akaandika ujumbe kwa Allen, mistari miwili tu. Wakangoja. Bi Ghania akanywa kahawa iliyopoa. Alama mbili za buluu zikatokea, Allen ameshasoma. Hakuna jibu. Nje mtu akagonga kioo akitaka fotokopi ya pasipoti, Bi Ghania akamfukuza kwa mkono.

Simu ikatetemeka.

Ilikuwa picha ya ratiba ya Aprili. Jina la Allen, kituo cha mbele, siku tatu, na pembeni mtu ameandika kwa mkono: *Kwa ajili ya mpiga picha wa matangazo. Baadaye arudi nyuma.* Chini yake ujumbe: *Nyabo sema jina langu. Nimechoka kujifanya nimelala.*

Angella alisoma kwa sauti. Kwenye skrini Bwana Adib akaangalia chini, na kwa mara ya kwanza hakutabasamu.

Hukumu ilitoka wiki tatu baadaye, kurasa sita. Bi Ghania aliisoma amesimama. Kwamba sababu iliyoandikwa kwenye fomu ni ubaguzi na imekatazwa. Kwamba matakwa ya mteja hayahalalishi kilichokatazwa na sheria. Kwamba maneno yale yafutwe kwenye faili. Kwamba uteuzi ule ni batili. Lakini mahakama haikai kwenye kiti cha meneja, haiwezi kuichagulia kampuni msimamizi. Kampuni irudie mtihani, bila majina, bila picha, bila nchi.

"Irudie?" Angella aliruka. "Nirudie nilichofaulu? Nani anayerudia mtihani aliofaulu, Bibi? Anayerudia si yule aliyefeli? Waliofeli ni wao!"

"Ndiyo, wao. Lakini mtihani utaufanya weye." Bi Ghania alimshika bega. "Kasirika, mwanangu, haki yako. Kisha kasome."

Alisoma kwa hasira. Alisoma kwenye basi, na siti ya pembeni yake haikuwa tupu tena. Allen alikaa hapo akishika kitabu na kumuuliza maswali, akikosea kwa makusudi ili amcheke.

Siku ya matokeo walinzi arobaini walijaa pale kwenye mashine ya kubonyeza kidole. Karatasi za mtihani zilikuwa na namba badala ya majina, na bahasha ya majina ilikuwa imefungwa. Adib alikuja na afisa wa wizara pembeni yake. Akasoma kutoka chini kwenda juu. Namba thelathini na mbili, sabini na nane: hiyo ilikuwa karatasi ya Musab, akajipigia makofi mwenyewe. Kisha Adib akasimama kidogo.

"Wa kwanza ni namba saba. Tisini na sita." Akainua macho. "Namba saba ni nani?"

Angella aliwaacha watafute. Aliliacha swali likae pale ukumbini, lizunguke kwenye nyuso zote arobaini, kwa sababu ndilo swali walilopaswa kuuliza tangu mwanzo.

Kisha akainua mkono.

"Ni yule yule wa tisini na nne, sir. Mmetumia miezi kumi na moja kuniuliza mara mbili."

Allen alipiga kigelegele, mtu mwingine akadakia, na nyuma Musab akapaza sauti, "Yalla, sasa atanionyesha ile safu ya tatu!"

Adib alibandika ukutani karatasi ya msimamizi mpya wa zamu ya mbele. Angella akatoa simu yake, kama kila Ijumaa, akaipiga picha.